Dohani Safi ya Mzee Geji

Mzee Geji hakuwa mtu wa kupendeka, na wala hakuwahi kuutafuta upendo wa mtu. Alikuwa mchochea boila wa kiwanda cha sabuni, mrefu, mkavu, macho mekundu kwa joto, na kwa miaka thelathini na moja aliwadharau watu wa aina zote bila upendeleo. Makarani aliwadharau kwa sababu mikono yao ilikuwa laini, madereva kwa sababu walilala mchana, na mafundi wenzake kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, wangeweza kuunguza hata maji. Mameneja ndio usiseme. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Kiwandani wote walimwita Geji, kwa kuwa popote alipokaa, hata akinywa chai, alikaa akiielekea geji, ile saa ya shaba inayoonyesha nguvu ya mvuke, na ukimsemesha alikujibu jicho moja likiwa kwenye mshale.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kutupa kuni motoni. Ndivyo walivyodhani mameneja wote sita aliowatumikia, na wa sita alikuwa na diploma. Boila ilichemsha maji, mvuke ukapita kwenye mabomba hadi kwenye masufuria manne makubwa, kila moja refu kuliko mtu, na humo mafuta na magadi yakachemka hadi yakawa sabuni. Mvuke ukipungua, sabuni inakataa kushikana. Mvuke ukizidi, inafura na kumwagika sakafuni, na ukizidi zaidi ya hapo, boila inapasuka na kuwatoa watu sitini roho. Mzee Geji hakuwahi kupasua kitu.

Fahari yake ilikuwa dohani, lile bomba refu la matofali lililosimama nyuma ya chumba cha boila. Aliionea fahari kwa sababu haikutoa moshi. Mwalimu wake wa kazi, mzee mmoja mwenye vidole saba, alimfundisha tangu siku ya kwanza kwamba moshi mweusi ni kuni ulizoshindwa kuzichoma, na kwamba mchochea boila anayefukiza anga hana tofauti na mpishi anayeunguza chakula halafu akajisifu kwa harufu. Kwa hiyo magogo yalipasuliwa membamba, yakaanikwa chini ya bati miezi mitatu, yakalishwa moto kidogo kidogo, na kilango cha hewa kikafunguliwa kwa kipimo cha kidole. Ukifanya hivyo, juu ya dohani huoni kitu ila hewa inayotetemeka. Kila asubuhi, moto ukishashika, Mzee Geji alitoka uani, akainua kidevu, akatazama juu, hakuona kitu, akarudi ndani ameridhika. Hiyo ndiyo starehe pekee aliyokuwa nayo maishani.

Uani hapo hapo kulikuwa na dohani ya pili, nzee, iliyokuwa ya boila nyingine iliyoondolewa zamani. Haikuungana na chochote. Chini yake kulikuwa na mlango mdogo wa chuma uliojaa kutu, na paka walizalia humo.

Binti yake wa mwisho alifanya kazi katika chumba cha kufungashia sabuni. Siku moja, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, alikuja na sinia la chai chumba cha boila, akasema bila kuzunguka, "Baba, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hii."

Mzee Geji alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Mwanangu, hapa nywele zinaungua."

Kesho yake binti alikuja amenyoa kichwa, hakuna hata unywele. Mzee alimpa sepetu. Akamfundisha, na alimfundisha kwa matusi, maana lugha nyingine ya kufundishia hakuijua. Alimwita bubu, kipofu, mchoma mkaa, adui wa chuma. Binti alishika yote. Baada ya miaka mitatu alikuwa anaweza kusikiliza boila kwa kuweka kiganja tu kwenye ukuta, akasema, "Maji yanashuka," kabla kioo cha maji hakijaonyesha. Mzee Geji hakumsifu hata siku moja. Lakini nyumbani, binti akiwa hayupo, alimwambia mkewe, "Huyu ananizidi," akavuta shuka akalala.

Sheria ilikuwa wazi: boila haiwashwi bila mtu mwenye cheti. Mzee Geji ndiye aliyekuwa nacho peke yake, na alibakiza miezi minne astaafu. Binti akifaulu mtihani, boila ingekuwa yake. Akishindwa, angesubiri mwaka mzima, na kwa mwaka huo Meneja angeleta mtu wake kutoka anakokujua, na mlango ungefungwa. Mtihani ulifanywa mara moja kwa mwaka na Mkaguzi wa Boila, mzee mfupi mwenye koti la khaki, na huyo ndiye binadamu pekee aliyekuwa hai ambaye Mzee Geji alimheshimu. Mkaguzi hakupokea chai, hakupokea soda, hakupokea hata kiti. Alikuwa na kanuni moja iliyowaangusha wengi: dohani ikitoa moshi mweusi zaidi ya dakika moja, alifunga daftari na kuondoka.

Ndipo ikaja Kampeni ya Moto.

Ilitangazwa redioni kwa tarumbeta. Wakubwa walisema kwamba katika miaka mitano nchi nzima itaacha jembe na kuwa nchi ya viwanda, na kwamba kila raia, kuanzia mtoto wa shule hadi bibi kizee, ni askari wa uzalishaji. Jambo lenyewe si baya. Hata Mzee Geji, asiyekubali kitu, alizima redio akasema, "Angalau wamekumbuka." Miaka yote hiyo alikuwa akiomba kioo kipya cha maji na mabomba mawili ya kubadilisha, akajibiwa asubiri. Sasa alidhani vitakuja. Zilikuja fulana. Zilikuja fulana mia mbili za rangi ya chungwa, na amri kwamba watu wasisalimiane tena kizamani maofisini. Mmoja aseme "Moto!" na mwingine aitikie "Uwake!" Ukimwambia karani habari za asubuhi, anakutazama kama umemtukania mama yake.

Mjini aliletwa Mratibu wa Kampeni. Kabla ya hapo alikuwa mshereheshaji wa harusi, na kazi hiyo aliiweza kweli, kwani alijua kumfanya mtu apige makofi hata kama hajafurahi. Bisibisi hakuwahi kuishika. Alipewa ofisi ghorofa ya tatu, gari, na wajibu wa kutuma taarifa kila wiki juu kwa wakubwa: viwanda vingapi vinafanya kazi na vingapi vimelala. Mji ulikuwa na dohani kumi na tisa. Kuvitembelea viwanda vyote ni vumbi, ni ngazi, ni kelele, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Basi Mratibu aliketi akafikiri, na alipomaliza kufikiri aliagiza darubini.

Kila Ijumaa saa nne asubuhi alipanda juu ya paa la ofisi na kiti, mwavuli na chupa ya soda, akazungusha darubini mji mzima. Dohani inayotoa moshi, kiwanda kinafanya kazi. Isiyotoa moshi, kiwanda kimelala. Saa sita majibu yalikuwa yameshapakwa rangi kwenye ubao mkubwa mbele ya ofisi, kijani kwa walioamka, nyekundu kwa waliolala. Nchi nzima ilikuwa inahimizwa isimame, na mhimizaji mwenyewe alikuwa ameketi chini ya mwavuli.

Ijumaa ya kwanza kiwanda cha sabuni kilipakwa nyekundu. Siku hiyo hiyo kilikuwa kimetoa katoni arobaini. Meneja alikuja chumba cha boila akitoka jasho, tai imemkaa begani.

"Mzee, moshi uko wapi?"

"Moshi gani?"

"Wa dohani! Wenzetu wote wana moshi. Kiwanda cha magunia kina moshi, kiwanda cha matofali kina moshi mpaka huoni jua. Sisi tu ndio hatuna!"

"Kiwanda cha magunia kina mchochea boila mlevi," alisema Mzee Geji, jicho likiwa kwenye mshale. "Yule wa matofali anachoma kuni mbichi. Nikufunge macho nikupeleke huko, utajua kwa harufu tu kwamba hawajui kazi."

"Mimi sijauliza harufu. Nimeuliza moshi."

"Meneja, umesoma. Huoni mvuke upo? Huoni sabuni inachemka?"

"Mratibu haoni sabuni. Anaona moshi."

"Basi mwambie ashuke kutoka juu ya paa."

Meneja alimtazama kwa huruma ya kijinga, ile wanayotazamiwa wazee wanaokaribia kustaafu, akaondoka. Ijumaa ya pili, nyekundu. Ijumaa ya tatu, nyekundu tena, na ikaja barua yenye mhuri: kiwanda kitakacholala wiki nne mfululizo kitafutwa katika orodha, mitambo yake ipewe wanaoweza kuitumia, na wafanyakazi wake wapelekwe kuchimba mifereji. Barua ilibandikwa mlangoni. Wafanyakazi sitini waliisoma, wasiojua kusoma wakasomewa, na wote wakaelekeza macho chumba cha boila.

Ijumaa ya nne ndiyo iliyokuwa siku ya mtihani. Mkaguzi alikuwa ameipanga tangu miezi sita nyuma, saa tatu na nusu asubuhi.

Hapa lazima aingie Shemeji. Alikuwa mdogo wa mke wa Mzee Geji, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, mlinzi wa kiwanda cha viberiti. Kiwanda hicho kilikuwa hakijatoa hata njiti moja kwa miaka tisa. Mashine zilishauzwa, madirisha yalishaibwa, pengine na mlinzi mwenyewe. Lakini dohani ilikuwa imesimama. Kampeni ilipoanza Shemeji aliokota tairi kuukuu, akaliingiza chini ya dohani, akalitia mafuta ya taa na kiberiti, kiberiti alichonunua dukani. Moshi uliotoka ulikuwa mweusi na mnene, ukasimama angani nusu siku. Ijumaa ya kwanza kiwanda cha viberiti kilikuwa cha kwanza mjini. Mratibu hakujiuliza viberiti viko wapi. Shemeji alipewa bendera, redio ndogo ya mkononi na cheo cha Askari Bora wa Uzalishaji, akapigwa picha akiwa amekunja ngumi.

Alhamisi jioni alikuja nyumbani kwa dada yake amevaa fulana ya chungwa, redio mkononi, akaketi kwenye kiti cha Mzee Geji.

"Moto!" alisema.

"Ondoka kwenye kiti changu," alijibu Mzee Geji.

Shemeji alihama bila kukasirika, maana alikuwa wa damu baridi. "Shemeji, mbona unajiumiza bure? Ile dohani yenu ya pili si ipo? Tairi moja tu. Boila yako huigusi. Binti anafanya mtihani wake hapa, moshi unatoka pale. Mkaguzi kaona lake, Mratibu kaona lake, sote tunakula."

"Mimi nifukize tairi?"

"Kwani nani atajua?"

"Nitajua mimi! Miaka thelathini na moja nimechoma moto, sijawahi kuchoma takataka. Wewe umezoea. Wewe tangu utotoni ukipewa kazi unatafuta kivuli chake."

Mkewe alimkanya kwa macho, kwa kuwa ndugu ni ndugu. Binti, aliyekuwa akisugua kucha kwa brashi muda wote, aliweka brashi chini.

"Baba, mjomba amesema kweli kwa upande mmoja. Lazima tufanye kitu. Lakini si tairi."

"Ni nini?"

"Tumwambie Mkaguzi. Nikimaliza mtihani tumweleze mambo yote. Yeye ni mtu wa serikali, ana mhuri. Akiandika kwamba boila inawaka na mvuke upo, Mratibu atampinga vipi?"

Lilikuwa wazo zuri, na ndilo lililokuwa sahihi. Mtu mwenye akili timamu angelishika. Lakini Mzee Geji alikuwa ametumia maisha yake yote kuwahesabu binadamu kuwa si kitu, na mazoea hayo hayamwachi mtu kwa usiku mmoja. Alisonya.

"Mkaguzi anajua chuma, mwanangu. Kuhusu watu hajui kitu. Atakwenda pale na koti lake la khaki, yule msema-harusi atamwambia 'Moto!', naye atasema nini? Watamcheka. Usimtegemee mtu yeyote. Wote ni wale wale."

"Hata yeye?"

"Nimesema wote. Wewe chochea boila yako. Mengine niachie."

Binti alimtazama sana baba yake, kisha akachukua tena brashi. Shemeji aliwasha redio yake akaishusha sauti kwa adabu.

Ijumaa Mkaguzi alifika saa tatu na nusu barabara. Binti alikuwa ameshawasha moto tangu alfajiri, mshale umetulia katikati ya mstari mwekundu na mweusi, majivu yamefagiliwa, sepetu imeegemezwa mahali pake. Mkaguzi hakusalimia kwa Moto. Alisema, "Habari ya asubuhi, binti," akafungua daftari. Akamwuliza maji yanasimama wapi, akamwuliza atafanya nini kioo kikipasuka, akamwambia afungue valvu ya usalama, akamwambia aifunge. Akaweka kiganja ukutani. Binti naye akaweka chake. Mzee Geji alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaogopa kwa ajili ya mtu mwingine.

Saa nne kasorobo Meneja alipita uani, akapita tena, akapita tena. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga chini ya paa la karakana, wakimtazama Mzee Geji na kumtazama tena. Mama mmoja wa chumba cha kufungashia, mwenye mtoto mgongoni, alisema kwa sauti ya chini, "Fundi, tufanyeje?" Hakumlaumu. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Ndipo Mzee Geji akatoka. Alizunguka nyuma ya ghala, na hapo palikuwa na tairi, kwa sababu Shemeji, kwa hisani yake yote, alikuwa amelileta mapema na kuliegemeza ukutani pamoja na chupa ya mafuta ya taa. Mzee Geji aliuvuta mlango wa kutu wa dohani ya pili. Paka walitoka mbio. Akalisukuma tairi ndani kwa mguu, hakutaka hata kuligusa kwa mkono, kisha ikabidi aliguse, akaligusa. Akamwaga mafuta. Kiberiti cha kwanza kilizimika, cha pili kikashika. Saa nne na dakika tatu dohani ya pili ilitapika moshi mweusi hata kunguru wakaruka. Chini ya paa la karakana wafanyakazi walipiga makofi. Mzee Geji alijifuta usoni, akajipaka masizi zaidi.

Ndani, Mkaguzi alifunga daftari. Hakuona kitu, kwa kuwa dirisha la chumba cha boila lilielekea upande mwingine, na ile dohani aliyokuja kuikagua ilikuwa safi juu yake kama hewa ya asubuhi. Alimwambia binti, "Umefaulu. Daraja la kwanza. Sijatoa la kwanza miaka mitano." Kisha akaongeza, huku akikaza kamba ya daftari, "Nimeona ubao wao pale ofisini. Wameandika mmelala. Ni upuuzi mtupu. Nitapita huko sasa hivi, niandike kwa mkono wangu na nigonge mhuri, kwamba hii ndiyo boila inayofanya kazi vizuri kuliko zote mjini, na kwamba anayepima kazi kwa moshi hajui kazi wala moshi. Wasiponisikia nitaandika juu."

Binti alishindwa kujizuia, akapiga makofi kwa furaha. Alimshika Mkaguzi mkono akatoka naye uani, akimwita baba yake aje asikie.

Mkaguzi alitoka juani, akainua kidevu kama Mzee Geji anavyoinua kila asubuhi. Aliona dohani ya kwanza, safi. Aliona dohani ya pili. Alishusha macho polepole mpaka kwa Mzee Geji, aliyekuwa amesimama kando ya mlango wa kutu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, harufu ya mpira unaoungua ikimtoka nguoni. Aliachia mkono wa binti, akaingia kwenye gari lake, na gari halikugeuka upande wa ofisi ya Mratibu. Lilinyoosha barabara ya kutokea mjini.

Mzee Geji alitaka kumkimbilia. Angemwambia nini? Aliinama, akaufunga ule mlango mdogo, kwa sababu mlango ukiachwa wazi moshi unarudi nyuma.

Saa sita kiwanda cha sabuni kilipakwa kijani, na si kijani tu. Mratibu, aliyekuwa ameshaandaa karatasi za kukifuta, alipenda sana habari ya kiwanda kilichofufuka dakika ya mwisho, maana habari hiyo ilifaa kusomwa redioni. Jumatatu aliweka jukwaa uwanjani. Mzee Geji alipandishwa juu akavikwa fulana iliyombana kifuani, akapewa bendera, na Mratibu akamshika bega akapaza sauti kama anamtambulisha bwana harusi: "Mzee huyu, ndugu zangu, alilala miaka thelathini na moja! Kampeni imemwamsha! Moto!" Uwanja mzima ukaitikia, "Uwake!" Shemeji, mstari wa mbele, aliitikia kwa machozi ya kweli. Mzee Geji aliangalia vichwa vyote vile akatafuta ile dharau yake ya siku zote, awamwagie wote. Aliipata, ila haikuenda kwao.

Na hapo ndipo ilipomtokea Meneja kufikiri, kwa mara ya kwanza tangu apewe diploma. Wiki moja baadaye alikuja chumba cha boila ametulia, tai imenyooka.

"Mzee, ile dohani ya pili. Inakula nini?"

"Tairi."

"Tairi tu?"

"Na mafuta kidogo ya kuwashia."

"Kuni haihitaji? Maji? Mafuta ya sabuni? Magadi?"

Mzee Geji aliona wazo likiingia kichwani mwa yule mtu, akaliona likikaa. "Meneja," alisema, "ile haipiki sabuni."

"Hakuna aliyeniuliza sabuni," alisema Meneja.

Mwezi haukuisha. Boila ilizimwa, eti kwa matengenezo. Masufuria manne yalipoa na sabuni ya mwisho ikagandia ndani, ngumu kama jiwe. Wafanyakazi waliambiwa wasubiri nyumbani mpaka watakapoitwa, yule mama mwenye mtoto mgongoni akiwa mmoja wao, na hawakuitwa. Ubao uliendelea kuwa kijani kila Ijumaa. Meneja alipandishwa cheo akahamia mji mkubwa. Akaja wa saba. Mzee Geji alistaafu siku yake ilipofika, bila sherehe, akakabidhi funguo kwa karani mwenye mikono laini.

Cheti cha binti kilikuja kwa posta. Daraja la kwanza, sahihi ya Mkaguzi, mhuri, hakuna neno lingine. Na kwa kuwa sheria ilisema kila kiwanda kinachofanya kazi kiwe na mchochea boila mwenye cheti, binti peke yake ndiye aliyebakishwa. Kazi yake ilikuwa kufika kiwandani saa mbili, kukaa peke yake katikati ya masufuria yaliyopoa, na Ijumaa saa nne kasoro dakika kumi kuingiza tairi.

Miezi ilipita. Sokoni sabuni ilikwisha, wauzaji wakawa wanafuta vumbi kwenye rafu tupu, na watu wakafulia majivu. Redio ikasema uzalishaji umepanda mara tatu.

Alhamisi moja jioni Mzee Geji alikuwa amekaa nje ya mlango wake, kwenye kiti chake, hana geji ya kuitazama. Binti alirudi kazini. Alikuwa amebeba na kupanga matairi ya kesho, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka juu ya viwiko, shingo nayo, na kichwa kile alichokuwa bado anakinyoa. Alimwamkia baba yake, akamwuliza mama kama kuna kipande cha sabuni. Mama alisema hakuna tangu juzi. Binti akainama kwenye ndoo, akaanza kujisugua kwa mchanga.

"Baba," alisema bila kuinua uso, "kesho anakuja mgeni mkubwa kutoka juu. Mratibu anataka dohani zote mbili."

Dohani ya kwanza, ile ya Mzee Geji mwenyewe, miaka thelathini na moja haikuwahi kutoa uzi wa moshi. Alifungua kinywa awatukane: Mratibu, meneja wa saba, mgeni wa kesho, nchi na tarumbeta zake zote. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine, na alikisema kwa sauti ile ile ya kazini.

"Ukiliwasha tairi kwenye boila, funga kwanza kilango cha hewa cha chini, halafu ufungue cha juu kidogo. Usipofanya hivyo moshi utarudi ndani, utakuua."

"Najua, Baba," alisema binti, akichota mchanga mwingine. "Si nilikuona siku ile."